Mizuka ya Tower of London haitunzi historia

Watetezi wa hadithi za mizuka ya Tower of London wana hoja inayovutia: ziwe za kweli au za kubuni, wanasema, hadithi hizo zinawafanya waliouawa katika ngome ile wasisahaulike. Napinga. Zinasahaulisha kuliko zinavyokumbusha.

Tumchukue anayesimuliwa kuliko wote, Malkia Anne Boleyn, ambaye eti hutembea usiku na kichwa chake kwapani. Alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536, kwa mashtaka ya uzinzi na uhaini ambayo wanahistoria wengi hawayaamini. Siku 11 baadaye mumewe, Mfalme Henry VIII, alimwoa Jane Seymour. Uzito wa habari uko hapo: mfalme aliyetaka mke mwingine, na mahakama iliyompa alichotaka. Hadithi ya mzuka humwacha mfalme huyo pembeni kabisa. Msikilizaji huishia kumwogopa aliyeuawa, wala hamuulizi aliyeua.

Tena mizuka hiyo ina ubaguzi. Inayovuma ni ya watu wa nasaba: Anne, Lady Jane Grey, Henry VI, na wana wawili wa Edward IV waliotoweka mwaka 1483. Lakini mwaka 1278, kwa amri ya Edward I, Wayahudi wapatao 600 walifungwa humo kwa tuhuma za kukwangua fedha za sarafu. Karibu 300 wakauawa. Mwaka 1546 Anne Askew, aliyeshtakiwa kwa imani yake ya Kiprotestanti, aliteswa humo kwa mtambo wa kunyoosha viungo. Hakuwataja wenzake. Alipopelekwa Smithfield kuchomwa moto alibebwa kwa kiti, kwa kuwa hakuweza kutembea. Kama mateso ndiyo yanayozaa mizuka, hawa wangetangulia kusimuliwa. Kinachoamua ni cheo cha marehemu.

Wapo watakaosema kwamba bila mizuka wageni hawatavutiwa. Lakini katika Beauchamp Tower, ndani ya ngome hiyohiyo, kuta zimejaa majina, nembo na maneno yaliyochongwa na wafungwa wenyewe. Huo ni ushahidi wa mkono wa mtu aliyekuwa hai, akitaka ajulikane kwamba alikuwepo.

Kumkumbuka mfungwa ni kutaja jina lake, shtaka lake na aliyetia saini hukumu yake. Hadithi isiyogusa hata moja kati ya hayo inaburudisha tu, na haistahili kuitwa kumbukumbu.