Kazi ya Stima Si Kupanda Nguzo Pekee

Muhula uliopita tuliletewa mgeni wa kutuzungumzia juu ya kazi. Alipouliza tunataka kuwa nani, madaktari wakawa kumi na saba, marubani sita, mawakili sikuwahesabu. Mimi nikasema nataka kuwa mwongozaji wa gridi ya stima. Darasa zima likaangua kicheko. "Ati utapanda nguzo na hiyo sketi?" mmoja akauliza. Siku ile nilishikwa na haya nikaketi. Leo najibu.

Kazi ninayosema haina nguzo. Ni ya kukaa kwa zamu, usiku na mchana, hata Krismasi, mbele ya michoro ya nyaya za nchi nzima, kuhakikisha kwamba stima inayozalishwa inatoshana na inayotumika dakika hiyo hiyo.

Jirani yetu ana poshomili ya dizeli. Mtu akimwaga debe zima kwa pupa, injini hulia na kulegea, naye huongeza mafuta upesi. Mahindi yakiisha ghafla, injini hukimbia hadi mabati yanatetemeka. Gridi nayo ni vivyo hivyo. Stima yetu hapa Kenya yatakiwa kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Watu wakiwasha taa jioni, mwongozaji huagiza vituo vya Mto Tana viongeze nguvu. Upepo ukitulia kule kwenye Ziwa Turkana, shida ni yake pia.

Na mambo huharibika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi ikaingia gizani. (Tumbili mwenyewe alipona!) Tarehe 25 Agosti 2023 giza likaja tena, na wengi wakangoja stima hadi kesho yake. Nyumbani tulinung'unika kana kwamba kuna mtu amesahau kubonyeza swichi. Kumbe sivyo! Huamshwa kituo kimoja kwanza, mara nyingi cha maji, kisha huongezwa mtaa baada ya mtaa. Ukiharakisha, yote huanguka upya. Ndiyo sababu waongozaji hufunzwa kwa mitambo ya kuigiza, kama marubani: wanazimiwa gridi ya uwongo, wanaambiwa waifufue.

Anayetaka kazi hii husomea uhandisi wa umeme chuo kikuu, au diploma, kisha hukaa kando ya waliomtangulia kabla ya kuachiwa kiti. Lakini mlango wa kwanza ni Fizikia, na hapo ndipo nina kinyongo. Darasani tuko 46. Walioendelea na Fizikia ni tisa, wasichana wawili. Wengine hawakushindwa, la! Waliambiwa itashusha wastani wa shule. Walimu wangu mnisamehe, lakini wastani hauwezi kuamsha gridi usiku wa manane. Naomba mgeni wa mwaka huu awe mtu wa stima, na aje kabla kidato cha pili hawajajaza fomu za masomo, si baada.

Na wewe wa kidato cha pili unayesitasita, saa ya chakula utatukuta nyuma ya maabara, mimi na mwenzangu, na betri mbili na balbu. Njoo na maswali yako. Hata ya nguzo.