Kreti Lazima Irudi

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafanya vivyo hivyo Juni 2019, wengi wetu tumekirudia kikapu cha mama zetu. Kikapu kinakwenda sokoni, kinarudi, kinatundikwa ukutani. Lakini ukiingia katika chumba tunamookea mikate ya kuuza utakuta habari nyingine kabisa. Maboksi yamerundikana, mengine yamelowa, mengine yamepasuka chini, na kila wiki tunanunua mengine. Mwezi huu basi tuzungumze juu ya vyombo vya kubebea bidhaa ambavyo vinaweza kutumika tena na tena katika kiwanda kidogo, na mambo ya kufikiri kabla ya kutoa fedha.

Mfano ambao kila mmoja wetu anaufahamu ni kreti ya soda. Ina nafasi ya chupa 24, na kila chupa ina chumba chake ili zisigongane. Pande mbili kuna mashiko ya mikono. Chini kuna matundu ili maji yatoke inapooshwa, na kingo zake zimechongwa ili kreti ya juu isiteleze. Hayo yote tunayaona kwa macho. Tusiloliona ni utaratibu wake, kwamba mwenye duka hapewi kreti iliyojaa mpaka arudishe tupu au aweke amana. Watu huiga plastiki wakaisahau amana, na hapo ndipo mradi unapokwama.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme boksi moja ni shilingi 1,000 na linavumilia safari mbili. Kila safari basi inakugharimu shilingi 500. Kreti ya plastiki tuseme ni shilingi 20,000. Ili ilingane na boksi ni lazima iende safari 40, na faida inaanza safari ya 41. Safari 40 si nyingi kwa kreti nzuri. Lakini ikiwa katika kila kreti 20 unazotoa moja hairudi, kwa wastani kila kreti itakwenda safari 20 tu kabla ya kupotea. Hapo kila safari imekugharimu shilingi 1,000, mara mbili ya boksi ulilolikimbia! Nayo kreti haipotei kwa kuvunjika. Inageuzwa kiti mbele ya duka, au inawekewa nyanya, au kuku wanaatamia ndani yake.

Hesabu ya pili ni ya siku. Kikundi kinachotoa kreti 20 kila siku, ikiwa kila kreti inarudi kesho yake asubuhi, kitahitaji kreti 20 zilizo njiani na 20 za kujazwa nyumbani, jumla 40. Ikiwa zinarudi baada ya siku tatu, kitahitaji 60 za njiani na zile 20, jumla 80. Tofauti ni shilingi 800,000. Kwa akina mama waliochanga mtaji wao kidogo kidogo, hiyo ni ada ya watoto iliyolala barazani kwa watu. Ndiyo maana tunasema anza kwa kuuliza chombo kitarudije, kisha ndipo uulize rangi na bei.

Sasa tuje kwenye umbo. Gari linalopeleka mikate likirudi na kreti tupu linabeba hewa, na mafuta yanalipiwa yale yale. Mafundi wamelitatua jambo hili kwa akili sana. Ipo kreti ambayo ukiipanga upande mmoja inakaa juu ya mwenzake bila kuponda mikate, na ukiigeuza nusu mzunguko inatumbukia ndani ya mwenzake kama sufuria kabatini. Zipo pia za kukunja, ila bawaba zake huvunjika na uchafu hujificha katika maungio. Kwa mikate sisi tungechagua ile ya kutumbukizana.

Kipimo kichukue kutoka kwa mkate wenyewe, halafu kutoka kwenye mlango, rafu ya kupozea, na kibebeo cha baiskeli au bajaji. Viwandani Ulaya wamezoea chombo cha sentimita 60 kwa 40, kwa kuwa vinne vinaenea sawasawa juu ya jukwaa la mbao la sentimita 120 kwa 80. Majukwaa hayo nayo yana utaratibu kama wa soda. Tangu mwaka 1961 mashirika ya reli ya Ulaya yalikubaliana kipimo kimoja, na anayepokea jukwaa lenye mzigo hutoa jingine tupu.

Kuhusu uzito, tusidanganyane kwamba mwanamke wa Kiafrika hachoki. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinua, na hiyo ni pale ambapo mambo yote ni mazuri, yaani mzigo uko karibu na mwili, haukuinama wala hukujipinda. Ukiinama, kikomo kinashuka, na kwa mama mjamzito kinashuka zaidi. Mikate 20 ya nusu kilo ni kilo 10. Ongeza kreti yenyewe, kama kilo mbili, inatosha. Usikubali kreti kubwa kwa sababu tu fundi anakuambia inaokoa safari.

Usafi unahitaji maneno machache tu. Kona ziwe za mviringo ili kitambaa kifike, matundu yawepo, na kreti chafu zilizorudi zisikutane na safi penye mlango mmoja. Zikaushwe, lakini zisiachwe juani siku nzima, maana jua hukausha plastiki mpaka ikapasuka.

Hata hivyo jambo moja hatuwezi kulipita haraka. Sokoni huuzwa mapipa na madumu yaliyotumika, kwa bei ya kuvutia, na mengine yalikuwa na dawa za kuulia wadudu au kemikali za kiwandani. Plastiki hunyonya. Unaweza kuosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe na sumu bado imo ndani. Chombo kama hicho kisiwekewe unga, maji, wala juisi, hata kwa siku moja. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha kilikuwa na nini, mwachie.

Faida nyingine ya kreti ni kuhesabu. Katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, mhandisi Taiichi Ohno alijenga utaratibu ambao kila chombo kinabeba idadi maalumu ya vipuri, pamoja na kadi yake. Chombo kikiisha, kadi inarudi nyuma, na hiyo ndiyo amri ya kutengeneza vingine. Hakuna kutengeneza kwa kubahatisha. Jikoni kwetu ni hivyo hivyo. Ikiwa kila kreti ni mikate 20, duka likirudisha kreti tatu tupu tumejua kuoka 60. Likirudisha moja, tusioke mikate itakayotuchachia.

Anayetaka kuanza, asinunue kreti 40 kwa mkupuo. Anunue sita, achague maduka mawili yaliyo karibu, kila kreti aiandike namba kwa rangi isiyofutika pande mbili. Daftari liwe na safu nne: namba, duka, siku iliyotoka, siku iliyorudi. Amana iwe karibu na bei ya kreti, kwani amana ya shilingi 2,000 kwa kitu cha shilingi 20,000 ni sawa na kukiuza kwa bei ya kutupa. Mwenye duka akilalamika, mwelezeni kwamba fedha ni yake na itarudi siku kreti itakaporudi. Na akichelewesha mpaka siku ya tatu, apelekewe mikate yake katika maboksi ya zamani, na gharama ya boksi aandikiwe yeye.