Huzuni Haishibi Maandazi

Wanafunzi wenzangu, alama za mtihani zikibandikwa ubaoni, duka la shule hujaa. Aliyeshindwa hununua soda na maandazi, ingawa ametoka kula ugali sasa hivi. Hiyo si njaa. Njaa ya kweli haichagui chakula; huzuni hutaka vitamu tu, wala haishibi. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ingefaa tusizidi vijiko 6 hivi kwa siku. Fedha ya mzazi imekwisha, na hesabu iliyokushinda ingali vile vile. Heri kunywa maji, kisha kumwendea mwalimu na daftari mkononi. Nanyi wazazi, mtoto akishindwa msimtulize kwa peremende, msikilizeni.