Ajali ina kinga: kufuli moja, ufunguo mmoja

Wiki jana nilikwenda Changamwe kumjulia hali kijana wa jirani yangu wa zamani. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havipo tena. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha kusaga plastiki. Mashine ilikwama, ikazimwa, akaingiza mkono kutoa kilichonasa. Mwenzake wa zamu iliyokuwa ikiingia alikuta mashine imezimwa, hakuona mtu, akabonyeza swichi.

Pale barazani tulisema lile tunalolisema siku zote: ajali haina kinga. Lakini hii ilikuwa na kinga, nayo ni kufuli la shilingi mia chache.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kabla fundi hajatia mkono, mashine huzimwa na umeme wake hukatwa kwenye swichi kuu. Fundi hufunga swichi hiyo kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni mwake. Hutundika kibandiko chenye jina lake na saa aliyoanza kazi. Kisha huondoa nguvu iliyobaki ndani: upepo uliobanwa kwenye mipira, springi iliyokazwa, chuma kilichoinuliwa juu. Mwisho hujaribu kuiwasha. Ikikataa, ndipo anapoanza kazi. Wakiwa mafundi watano, yanatiwa makufuli matano, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe lake.

Kibandiko peke yake hakitoshi. Karatasi haizuii mkono wa mtu mwenye haraka.

Marekani iliufanya utaratibu huu kuwa kanuni mwaka 1989. Idara yao ya usalama kazini inakadiria kwamba kuufuata huzuia vifo 120 na majeraha 50,000 kila mwaka.

Sisi nasi tuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mitambo yake, na namna ya kuifanyia kazi, ni salama. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama. Ukaguzi hufanywa angalau mara moja kwa mwaka. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa ya papo kwa papo, mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo mpaka aiondoe.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni nani anashika ufunguo. Viwanda vingi vyetu, kuanzia Changamwe hadi Mariakani, vinategemea vibarua wanaochukuliwa langoni asubuhi. Kibarua hafunzwi, maana kesho huenda asiwepo. Hana kufuli. Hawezi kumwambia msimamizi “ngoja kwanza”, kwa kuwa nje ya lango wamesimama vijana wengine wakingoja nafasi yake. Kila dakika mashine inapolala, msimamizi anahesabu hasara. Kwa hiyo usalama wa mkono wake unabaki kwa yeyote anayepita karibu na swichi.

Na akishaumia, mara nyingi huja bahasha. Familia huambiwa tuyamalize nyumbani. Wazazi wenzangu, msikubali haraka. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba sheria hiyo ni halali, kwa hiyo madai huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Wekeni karatasi za hospitali, na muandike majina ya walioshuhudia.

Wako watakaosema ni kadari. Nami naamini kadari. Lakini Mtume alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio atawakali. Mwenye kiwanda asiyetoa kufuli hajamfunga ngamia.

Naomba wakaguzi wa serikali wanapofika kiwandani wasiishie ofisini kutazama mafaili. Wateremke hadi kwenye mashine, wamtafute kibarua aliyeingia asubuhi hiyo, wamuulize swali moja: kufuli lako liko wapi? Kama hana la kuwaonyesha, ukaguzi usipite.