Mbwa Akijiburuta, Si Kila Mara Ni Minyoo

Wacha niseme mapema kabla hamjaanza kucheka: leo naongea kuhusu matako ya mbwa. Ndiyo, hivyo tu. Na si mbwa wote, ni wale wadogo wa manyoya ambao watoto wenu wa Nairobi hununua kwa furaha, halafu landilodi akikataa, mbwa anapandishwa matatu kuja kulelewa na magokoro huku Magwagwa. Siku hizi wako wengi. Unapita katikati ya majani chai unasikia kitu kinabweka kama filimbi, unageuka, ni kimbwa cheupe kimekuwa cha rangi ya udongo wetu.

Hawa mbwa wanateseka na shida ambayo mtu anayeijua anaimaliza kwa dakika tano. Na mkisema ni umaskini, nakataa. Ni aibu. Sisi tunaona haya kuinua mkia wa mbwa, na daktari wa ng'ombe naye anaona haya kuitwa kwa kazi hiyo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea wanyama. Ninachoeleza ni kile daktari alinionyesha nikiwa nimeshika kichwa cha mbwa mwenyewe. Kila mbwa ana vifuko viwili vidogo chini ya ngozi, kando ya njia ya haja kubwa. Chukua saa ya ukutani: kimoja kiko pale kwenye nambari 4, kingine kwenye nambari 8. Kwa mbwa mdogo vina ukubwa wa njegere. Ndani kuna maji yanayonuka kama omena iliyosahaulika kwa mfuko siku tatu. Kila mbwa ana harufu yake, ndio maana wakikutana wananusana huko nyuma kwanza. Kicheche naye ana vifuko kama hivyo, ila yeye ameamua kuvifanya silaha.

Kawaida mbwa akienda haja, na haja ikiwa imeshikana vizuri, inabana vile vifuko na maji yanatoka yenyewe. Shida inakuja haja ikiwa laini kila siku, au mbwa akinenepa, au akiwa na mwasho wa ngozi. Kwa mbwa wadogo mfereji wa kutolea ni mwembamba sana, unaziba upesi. Maji yanabaki ndani, yanakuwa mazito kama dawa ya meno, bakteria wanaingia, usaha unajaa. Mwisho ngozi inapasuka na unaona shimo kando ya mkia.

Kabla ifike huko mbwa amekwambia mara mia. Anaburuta matako kwa simiti. Anajilamba huko nyuma bila kuchoka. Anakaa, anaruka ghafla kama amekalia siafu. Anakataa kuguswa mkia. Na ile harufu ya samaki inabaki kwa kiti.

Sisi tukiona hivyo tuna jibu moja: minyoo. Sitawadanganya, wakati mwingine ni minyoo kweli. Kuna tegu ambaye mbwa humpata kwa kumeza viroboto, na vipande vyake vinatoka vikiwa kama punje za mchele, vinamwasha. Lakini ukishampa dawa inayoua tegu, si ya minyoo ya mviringo peke yake, na bado anajiburuta, kwa nini unarudi dukani kununua ileile?

Najua kwa nini, kwa sababu niliona kwetu. Binamu alimleta mbwa wake, tunamwita Kuki. Kuki akaanza kujiburuta. Dukani tukauziwa dawa ya minyoo, baada ya wiki mbili tukauziwa tena, mara ya tatu muuzaji hata hakuuliza swali, alinyoosha mkono kwa rafu. Kuki akafukuzwa ndani ya nyumba kwa sababu ya harufu. Sasa analala kwa stoo ya kuni, hakuna anayemwangalia. Siku moja mtoto wa jirani akamvuta mkia, Kuki akamuuma mkono.

Hapo ndipo jambo dogo likawa kubwa. Wazee wakasema kichaa. Mmoja akaenda kutafuta rungu. Na siwezi kuwalaumu, kichaa cha mbwa kinaua watu na kikishaanza dalili hakina tiba. Mtoto aliogeshwa lile jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, akapelekwa hospitali kudungwa sindano, na hiyo ndiyo njia ya kufuata hata kama unamjua mbwa. Lakini Kuki alikuwa amechanjwa, cheti kilikuwa kwa simu ya binamu. Nilimbeba kwa karai, boda kisha matatu, hadi mjini Kisii. Daktari aliinua mkia, akaangalia kidogo, akasema, "Huyu ameumwa kwa muda mrefu, kijana." Upande wa kulia ulikuwa umevimba kama plamu. Akampasulia, akaosha usaha, akampa antibayotiki na dawa ya maumivu. Wiki mbili baadaye alikuwa anakimbiza kuku.

Mbwa huyo angeuawa kwa sababu hakuna mtu aliyeinua mkia. Na sisi ni watu gani? Ni watu ambao daktari wa kupandisha ng'ombe akija na mbegu ya Kabete, anavaa glavu ndefu, anaingiza mkono hadi kwapani nyuma ya ng'ombe, na familia yote imesimama hapo inaongea habari za bonasi ya chai. Mama anamshikia mkia. Watoto wanaangalia. Akimaliza ananawa, anapewa chai. Hakuna aibu hapo! Sasa mwambie daktari huyohuyo aangalie vifuko vya mbwa mdogo kwa kidole kimoja. Nilimwambia mmoja. Alicheka mpaka akashika pikipiki.

Najua mtaniambia ng'ombe anatoa maziwa. Ni kweli. Kuna mwenye ataandika kwamba watu hawana karo na mimi naongea matako ya mbwa. Sawa. Lakini nauli ya kupeleka Kuki Kisii na kurudi, pamoja na upasuaji na dawa, ilikula pesa nyingi kuliko vile ingekuwa kumlipa daktari aliye hapa karibu miezi miwili mapema. Glavu anayo. Mafuta ya kulainisha anayo. Wengi wao wamesomea afya ya wanyama, si ng'ombe peke yake. Kinachokosekana ni sisi kumwita bila kunong'ona, na kumlipa kama tunavyomlipa kwa ng'ombe, si kumwambia "ni mbwa tu, daktari."

Na hapa kaunti iingie. Kenya ina mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na unategemea mbwa wachanjwe. Siku ya chanjo mbwa ameshaletwa, ameshikwa, mdomo umefungwa. Kuinua mkia ni sekunde ngapi? Hata mzee anayesema mbwa wake hahitaji chanjo atakuja akisikia wataangaliwa na ile harufu.

Nyumbani kuna mambo ya kufanya na mengine ya kuacha kabisa. Usifinye mwenyewe kama kumevimba au kuna damu, utapasua ndani. Kama hana shida, usimfinye eti kwa usafi, utamletea shida. Usimpe ibuprofen wala diklofenaki ya mgongo wa magokoro, hizo zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na mwenye kilo nne hahitaji nyingi. Panadol pia acha. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kinampunguzia maumivu mkingoja daktari, akikubali kuguswa.

Chakula ndicho kikubwa. Ugali na maziwa kila jioni vinamwachia haja laini, na haja laini haibani kitu. Punguza maziwa, ongeza kijiko cha boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari, na mwache atembee. Mbwa wa manyoya aliyenenepa hadi tumbo linafagia majani, huyo anangoja tu siku yake. Wale ambao vifuko vinaziba kila mara, daktari anaweza kuvitoa kabisa, ila upasuaji huo si mchezo, mishipa ya kuzuia haja iko hapohapo.

Na nyinyi wa Nairobi, mkituma mbwa kwa matatu, tumeni na cheti chake cha chanjo, na pesa ya daktari kila miezi michache kwa M-Pesa ya magokoro. Mpigieni simu mumwambie wazi mbwa anapimwa wapi. Atacheka, kisha ataenda kuangalia.