Ahirisha mwaka, kisha?

KWA JICHO LANGU
Na Zuhura Mkamba

Mwanafunzi wa famasia akisema anaomba kuhama chuo kwa sababu za kiafya, asitegemee pole. Wenzake watanong'ona kuwa anakimbia famakolojia. Ofisi ya udahili itataka matokeo kwanza, barua ya daktari baadaye. Wajomba kijijini wao hawahitaji maelezo: mtoto kadisko.

Kwenye ukoo wetu yuko kijana mwenye selimundu aliyepangiwa shahada ya famasia mikoani, ilhali kliniki yake tangu utotoni ni Muhimbili, Dar es Salaam. Famasia si somo la kuazima daftari. Unasimama maabara mchana kutwa, unapima unga kwenye mizani, unatwanga kwenye kinu, na ripoti inatakiwa. Mwenye selimundu akichoka sana, akipungukiwa maji mwilini au akipigwa na baridi, maumivu yanaweza kumlaza wodini siku kadhaa. Akitoka, wenzake wako mbali, na hakuna mwalimu wa kufungua maabara kwa ajili ya mtu mmoja. Mitihani ya marudio, sapu, ya kijana wetu ilianzia hapo.

Na darasani humohumo anafundishwa kwamba mgonjwa wa kudumu asikose kliniki wala asikatishe dawa! Anajifunza kuwa anayetumia haidroksiurea lazima apimwe damu mara kwa mara, na dawa yenyewe anayo kwenye begi. Lakini apande basi kwenda kupimwa, akose maabara. Aingie maabara, akose kipimo. Akiwa mfamasia atatakiwa kumkemea mgonjwa anayeishi hivyo.

Jibu la chuo lilikuwa lile la siku zote: ahirisha mwaka. Kuahirisha kunamfaa aliyevunjika mguu au anayesubiri upasuaji. Selimundu mtu huzaliwa nayo. Mwakani ataikuta.

Akaomba kuhamia Dar es Salaam. Chuo cha huko kilimpokea vizuri, nakiri, ila kutoka mwaka wa tatu kikamrudisha wa pili, kwa kuwa kozi hazikulingana. Alizokwisha kufaulu huku, kule hufundishwa baadaye. Za mwaka wa pili wa kule, huku hakuzigusa. Mkopo nao ulikuwa umepangwa kwa chuo cha zamani, na hadi ulipohamishwa, bumu la wenzake alilisikia tu. Alikula kwa shangazi yake.

Mwaka ule haukuliwa na ugonjwa. Uliliwa na ratiba mbili ambazo hazijawahi kukutanishwa. Ngazi ya stashahada, chini ya NACTVET inayosimamia elimu ya ufundi, vyuo vya famasia hufuata mtaala mmoja wa kitaifa. Ukipanda kwenye shahada ya miaka minne, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), vyuo vinaweza kutofautiana katika mpangilio wa kozi, ingawa wahitimu wote wanakwenda kusajiliwa na Baraza la Famasi lilelile. TCU na Baraza wakiwaita wakuu wa shule za famasia, ambazo nchini hazijai hata basi dogo, wakakubaliana angalau mpangilio wa miaka miwili ya kwanza, anatomia, fiziolojia, baiokemia na kemia zikakaa mihula ileile, mgonjwa atahama na mwaka wake.

Najua hoja ya kupinga: kila mtu atajifanya mgonjwa ili aende Dar. Wapo, na vyeti vya daktari vya kununua vipo. Basi barua itoke hospitali ya rufaa anakotibiwa, iambatane na historia ya kliniki, na chuo kiwe na haki ya kupiga simu kuuliza. Miaka kumi na tano ya mahudhurio ya kliniki haighushiwi kwa wiki moja.

Kwa mnaojaza fomu za vyuo msimu huu mkiwa na maradhi ya kudumu: tazameni kliniki iko wapi kabla ya kutazama jina la chuo. Mkikosea, mwaka wa kwanza kuna dirisha la uhamisho, nalo hufungwa mapema. Ombeni wakati huo, matokeo yakiwa bado hayajatoka, maana barua ya daktari inayokuja nyuma ya sapu hakuna anayeifungua kwa moyo mweupe. Na nakala ya faili la kliniki mkae nayo wenyewe.