Nani Anaadhibiwa Kifurushi Kinapochelewa?

Mwaka 1916, katika karakana ya reli karibu na Tabora, utawala wa Wajerumani ulifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, katika Mkoa wa Singida wa leo. Papo hapo zilifuliwa hela 5 na hela 20 za shaba, kwa chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za vita. Ndiyo, hela, neno tunalolitamka kila siku sokoni lilitokana na sarafu za utawala huo. Kabla ya vita fedha za koloni zilifuliwa Berlin na Hamburg na kuletwa kwa meli. Manowari za Waingereza zilipoiziba pwani, meli hazikuja tena, na Tabora ikalazimika kujifulia. Sarafu ya tembo, kwa hiyo, ni mtoto wa mzigo usiofika. Septemba ya mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini kutoka Kongo, na kazi hiyo ikakoma.

Leo anayetaka kumiliki kipande cha historia hiyo hukitafuta mtandaoni, kwa wauzaji wa Ujerumani, Uingereza na Marekani. Ile ya dhahabu tusiizungumze, mshahara wa mhadhiri hauifikii. Lakini hela 20 za shaba za Tabora zilifuliwa kwa wingi, na bei ya moja iliyochakaa haizidi sana ya jozi ya viatu vya mtumba. Unaiona picha, unaisoma tarehe, unaona herufi T ya mji uliozaliwa nayo. Kisha unateremka chini ya ukurasa na kukuta orodha ya mahali ambako muuzaji hapeleki vitu. Mara nyingi limo neno moja: Afrika. Hakuandika Tanzania wala Kenya, ameandika bara zima, kwa kuwa katika masoko makubwa kama eBay bara zima huondolewa kwa kuweka alama moja kwenye kisanduku kimoja. Sarafu ya Tabora inapelekwa Toronto na Tokyo, ila Tabora haiendi.

Wengi wetu hulijibu jambo hili kwa neno "ubaguzi" na kuishia hapo. Sikatai kwamba ubaguzi upo. Ila ninashikilia kwamba mlango huu umefungwa na mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ni ya ofisi zetu wenyewe, ambazo zimepata bahati ya ajabu: uzembe wao huandikwa katika jina la mtu mwingine.

Tuutazame mfumo wenyewe. Soko la eBay lilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, na mwaka uliofuata likaweka utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupeana maoni hadharani. Lilikuwa wazo la busara. Watu wasiojuana walihitaji namna ya kuaminiana, na sifa ya mtu ikawa dhamana yake. Lakini utaratibu huo ulibuniwa kwa Wamarekani waliotumiana vitu ndani ya nchi moja, kwa posta moja, bila forodha katikati. Katika mazingira hayo kitu kikichelewa, ni haki kumshuku aliyekituma. Mwaka 2008 soko hilo likabadili kanuni: muuzaji hawezi tena kumpa mnunuzi maoni mabaya, kwa hoja kwamba wanunuzi walikuwa wakiogopa kulipiziwa kisasi. Hoja ile ilikuwa na uzito wake. Matokeo yake, hata hivyo, yaliwaangukia watu ambao hawakuwamo katika mjadala. Muuzaji aliyenyimwa ulimi alibaki na mlango. Hawezi kumlalamikia mnunuzi, hawezi kuishtaki forodha ya nchi asiyoijua, na mnunuzi anayo haki ya kudai fedha zake katika siku 30 baada ya tarehe ya makadirio ya kufika. Afanye nini mtu huyu? Anaweka alama kwenye kisanduku.

Zaidi ya hayo, nyota hizo zinapima nini hasa? Hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote kwa sisi tunaoshughulika na vitu vya kale. Chukueni stempu za Zanzibar za mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi, stempu zilizokuwapo, zenye sura za masultani, zilipigwa kwa mkono muhuri wa maneno "JAMHURI 1964" ili ziendelee kutumika, na baadaye yakaja matoleo yaliyochapwa maneno hayo kwa mtambo. Stempu zilizopigwa muhuri kwa mkono ni ushahidi wa siku ambazo dola ilibadilika haraka kuliko karatasi zake. Ni rahisi pia kuzighushi: anayetaka kudanganya huhitaji stempu ya kawaida, muhuri wa mpira na wino. Kutofautisha ya kweli na ya uongo ni kazi ya mtaalamu mwenye darubini na mifano ya kulinganishia. Mnunuzi wa kawaida hana hivyo. Anachokijua ni siku ambazo bahasha ilitumia njiani. Basi muhuri wa uongo uliofika siku ya tano hupewa nyota tano na maneno ya shukrani, na muhuri wa kweli uliokwama forodhani miezi miwili hupewa nyota moja na neno "mwizi". Kipimo kinachodai kupima uaminifu kinapima kasi. Tena si kasi ya muuzaji, bali ya ndege, posta na forodha.

Ninayo kadi ya posta ya bandari ya Unguja. Iligongwa muhuri wa Zanzibar mwaka 1908 na muhuri wa kufika Hamburg siku 26 baadaye. Ilikwenda kwa meli ya mvuke. Niliinunua kwa muuzaji mmoja wa huko kwa ajili ya somo la historia ya pwani. Safari ya kurudi, kwa ndege, ilichukua siku 94. Namba ya rejista ilionyesha kila hatua, kama zinavyofanya namba zote za kimataifa za namna hiyo, zenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ilikotoka. Siku ya tisa kadi ilikuwa imekwisha kuingia Dar es Salaam. Siku 85 zilizobaki ilizimaliza ndani ya jiji hili, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, ambako niliambiwa mara tatu kwamba haijafika na mara ya nne kwamba ilikuwapo tangu zamani. Muuzaji aliniandikia barua tano za kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nilipotaka kumsifu hadharani, muda wa kutoa maoni ulikuwa umekwisha. Miezi michache baadaye mwanafunzi wangu wa uzamili alimwomba kadi nyingine tatu za mfululizo uleule. Jibu lilikuja kwa adabu: samahani, sipeleki tena Afrika.

Mwanafunzi huyo ameandika sura nzima ya tasnifu yake kwa kutazama picha hafifu kwenye skrini. Nyuma ya kadi hizo kuna maandishi ya waliozituma, na muuzaji hakupiga picha upande huo.

Ofisi iliyoishika kadi yangu siku 85 ilipata nyota ngapi? Hakuna anayeipima. Mtumishi wa umma anayesoma hapa atanijibu kwamba kuna taratibu, na ninazijua. Fomu ya CN 22 au CN 23 hueleza kilichomo na thamani yake. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki inautumia, umevitengea vitu hivi sura yake, ya 97: stempu katika 9704, sarafu za wakusanyaji katika 9705, na vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka mia moja katika 9706. Kila kitu kina mahali pake. Kinachokosekana ni mtu kaunta aliyefundishwa kuifungua sura hiyo. Anakutana na karatasi iliyokwisha kutumika, imeandikwa thamani ya euro 40, na akili yake inakataa, kwani nani atoe euro 40 kwa stempu isiyoweza tena kupeleka barua? Anakiweka kifurushi kando kimsubiri mkubwa wake. Mkubwa yuko semina. Simlaumu kijana wa kaunta kwa kushuku. Ninailaumu idara inayomwacha ashuku bila kikomo cha siku na bila wajibu wa kumwarifu mwenye mzigo.

Na hapa niwaseme wanunuzi wenzangu wanaomwomba muuzaji aandike "zawadi" au apunguze thamani ili kukwepa ushuru. Huo ni udanganyifu, na ndio unaoipa kaunta sababu ya kushuku kila fomu, hata ya mkweli. Kifurushi hicho kikipotea, fidia yake itakuwa ni ile thamani ya uongo iliyoandikwa.

Sasa linganisheni. Agosti 29, 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800 kutoka nchi zote. Siku chache kabla ya hapo posta za nchi nyingi, ya Ujerumani ikiwa mojawapo, zilisimamisha sehemu kubwa ya vifurushi vya kwenda huko, kwa kuwa utaratibu wa kukusanya ushuru haukuwa umeeleweka. Vifurushi vilikwama na wauzaji walipata hasara. Je, kuna aliyesema kwamba Wamarekani ni watu wasioaminika? La. Ilisemwa kwamba hiyo ni sera, na sera hujadiliwa, hulaumiwa na hubadilishwa. Mzigo unaokwama New York ni habari ya uchumi. Unaokwama Dar es Salaam au Nairobi unageuka kuwa habari ya tabia zetu. Ninayakataa matumizi hayo ya vipimo viwili, na ninawataka vijana wanaharakati wayakatae kwa sauti, mradi wasiyatumie kuzifichia aibu ofisi zetu.

Maana tunayo aibu nyingine, ndogo lakini yenye madhara. Mnunuzi hudai fedha zake siku ya 30, anarudishiwa, na siku ya 70 kifurushi kinafika. Anafanya nini? Wapo wanaomwandikia muuzaji na kumlipa upya. Wapo pia wanaonyamaza na kuliita jambo hilo riziki, na wengine wameniambia hivyo wakicheka, kwa hoja kwamba Mzungu hatafilisika kwa euro 15. Labda hatafilisika. Ila wauzaji wa stempu na sarafu husimuliana, na hesabu ya euro 15 huja kulipwa na mwanafunzi wa tasnifu ambaye hata hakuwahi kuwaona wanunuzi hao.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni mambo ya anasa: wananchi hawana dawa, nawe unalilia stempu. Hoja hiyo ningeiheshimu kama kaunta inayochelewesha stempu ingekuwa tofauti na ile inayochelewesha vitabu, vipuri vya mashine ya fundi na miwani ya mgonjwa. Ni kaunta hiyohiyo. Mkusanyaji ana faida moja tu juu ya wenzake: anahifadhi bahasha, anasoma mihuri na kuhesabu siku. Yeye ni shahidi mwenye kumbukumbu.

Masoko ya mtandaoni nayataka yatenganishe mambo mawili ambayo leo yamefungwa katika nyota moja: je, kitu ni kile kilichoelezwa, na je, kilichukua siku ngapi. Siku zihesabiwe kutokana na namba ya rejista. Zinazotumika baada ya kifurushi kuingia nchi ya mnunuzi asihesabiwe muuzaji, na muda wa kudai fedha na wa kutoa maoni usogezwe ipasavyo. Muuzaji aliyeondolewa hofu hiyo hatakuwa na haja ya kulifuta bara zima.

Kwa ofisi zetu sihitaji mkutano wala kampeni. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilibandikwa namba za nyumba na majina ya mitaa katika operesheni ya anwani za makazi, na ikawezekana. Anwani tunazo. Nataka kila ofisi inayopokea vifurushi kutoka nje ibandike mlangoni, mwezi baada ya mwezi, ni vingapi viliingia, vingapi vilitoka, na kila kimoja kilikaa siku ngapi kwa wastani, na atajwe afisa wa kuulizwa kinapopita siku kumi. Takwimu hizo hazihitaji utafiti. Msimbo wa kila kifurushi cha rejista husomwa na mashine kinapoingia na kinapokabidhiwa, na tarehe zote mbili zimo katika kompyuta iliyo mbele ya karani.